Jogoo wa Ganuni

Konde nzima, kaskazini mwa Pemba, ukitaka kibao cha duka, cha kinyozi au cha kukataza watu kutupa taka, utaelekezwa kwa Jecha. Hata sasa, ambapo kila mwenye kibanda ana bango lake la plastiki lililochapishwa kwa mashine, wapo wanaotaka herufi za brashi zenye kivuli chekundu ubavuni, na chini yake mnyama. Wanyama wa Jecha ndio waliompa jina. Akikuchorea samaki, samaki anakutazama kama anayekudai maelezo. Muuza nyama mmoja wa sokoni alimrudishia kibao akilalamika kuwa yule ng'ombe anawatia wateja aibu.

Lakini vibao vilikuwa vya kutafutia riziki. Moyo wake ulikuwa kwenye fidla. Alizaliwa Msuka, baba yake mvuvi, babu yake mvuvi, na kwao hakuna aliyewahi kushika chombo cha muziki isipokuwa debe la harusini. Fidla alijifunza peke yake, kwa ukaidi, mpaka kikundi kimoja cha taarabu cha Wete kikamkubali. Kilikuwa kikundi cha nyimbo za kale, kile ambacho wapigaji wake hukaa vitini wamenyooka, na wasikilizaji nao hutulia kama wako darsani. Hapo Jecha alikaa zaidi ya miaka ishirini, kiti kilekile, kushoto kwa Haroub.

Haroub alipiga ganuni, lile sanduku pana la nyuzi nyingi linalolazwa mapajani. Alikuwa mtu wa Ole, wa ukoo uliotoka Omani zamani, uliokuwa na mashamba ya karafuu mpaka usiyaone mwisho. Mashamba yalikwisha, ikabaki mikarafuu michache, nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi, na ganuni aliyoiacha babu. Mwenyewe alikuwa na duka la dawa Wete. Mrefu, shingo ndefu, mpole, na kila alipotaka kuanza kupiga alikuwa na tabia ya kuinyoosha ile shingo na kutazama mbele kidogo, kama anayesubiri jua lichomoze.

Jecha alimuonea wivu tangu siku ya kwanza.

Haukuwa wivu wa kumtakia mtu mabaya. Ulikuwa ule wa kukaa ubavuni kwa mtu na kuhesabiwa kivuli chake. Wakifika pamoja mahali pa kupiga, watu walikimbilia ganuni: wakaipokea, wakaitafutia kiti chake, wakaifunika kitambaa. Fidla Jecha aliisukuma chini ya kiti mwenyewe. Wakimaliza, watu walimjia Haroub na kumshika mikono yote miwili: "Haroub, umetuua leo!" Kisha macho yao yakamwangukia Jecha, nao kwa adabu zao wakaongeza: "Na nyinyi pia."

Na nyinyi pia. Jecha aliyasikia maneno hayo Wete, Chake, Mkoani, na hata Unguja mara walizoalikwa. Aliyasikia kichwani akichora vibao. Na kilichomuudhi kuliko vyote ni kuwa Haroub hakuwa na habari. Haroub alimsifu kwa dhati, mbele za watu na nyuma yao. Angekuwa na majivuno, Jecha angepumua.

Ndipo akaja Samiha.

Samiha alikuwa mtengeneza filamu kutoka Unguja, mwanamke msomi, msemaji wa taratibu, aliyetaka kutengeneza filamu ya heshima kuhusu taarabu ya kale kisiwani Pemba. Alianza kwa kuwahoji wapigaji mmoja mmoja. Jecha alivaa kanzu yake mpya. Akawekwa kitini, taa ikawashwa, Samiha akamuuliza:

"Mapenzi yako ya fidla yalianzia wapi?"

Jecha akamwambia kweli. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akija Konde siku za soko, naye akimfuata. Mzee Bakari, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na televisheni juu ya kabati, na jioni kabla ya taarifa ya habari walikuwa wakionyesha katuni za kigeni, za zamani hata kwa wakati ule. Siku moja alimwona mbweha aliyevaa koti refu jeusi lenye mikia miwili, amesimama mbele ya ukumbi wa mabwana na mabibi walionyanyua pua, anapiga fidla. Nzi akamtua puani. Mbweha akaendelea kupiga, huku akimwinda yule nzi kwa uta wa fidla. Akampiga bwana mmoja kichwani, bwana akamrukia jirani, na mwisho ukumbi mzima ukashikana mashati, taa zikaanguka, paa likashuka. Lakini kila kofi liliangukia pale palipotakiwa na muziki, na fidla haikukosea hata pumzi moja.

"Watu dukani walicheka mpaka wakashika matumbo," Jecha alisema. "Na miye nilicheka. Lakini niliporudi Msuka nilikuwa n'naisikia ile sauti tu. Nyumba imeanguka, na fidla inaimba. Nikachukua debe la mafuta, nikalifunga mshipi wa baba wa kuvulia. Hapo ndipo nilipoanzia."

Samiha alitabasamu. Likawa tabasamu zuri sana, la kumstahi mtu.

"Tunashukuru, Mzee Jecha," akasema, na Jecha hata mzee hakuwa. "Huna labda kumbukumbu nyingine? Kitu chenye kina zaidi? Cha wazee wako?"

"Sina."

Taa ikazimwa. Kutoka hapo Samiha na watu wake wakaenda Ole kwa Haroub, wakakaa siku nyingi.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa Wete alasiri moja, kwenye ukumbi uliozibwa madirisha kwa mapazia. Jecha alikwenda na mkewe Mwanapili, mwalimu wa skuli ya msingi. Walikaa safu ya pili. Filamu ikaanza kwa kimya kirefu, kisha sauti nzito ya mwanamume ikasema: "Nyuzi hukumbuka yale aliyoyasahau binadamu." Akaonekana Haroub anatembea polepole kati ya mikarafuu, anasimama, anaukumbatia mti. Jecha hakuwahi kumwona Haroub anakumbatia mti. Ukafunguka mlango wa nakshi, polepole. Ukafungwa, polepole. Vumbi likaelea kwenye mwanga wa dirisha. Ikaja mikono ya Haroub juu ya nyuzi, karibu kabisa, kila ukucha na kila mshipa. "Sanaa," sauti ikasema, "ni damu inayorithiwa."

Ikafika sehemu ya kikundi kizima. Jecha akaketi sawa. Picha ikamfuata Haroub, shingo, uso, macho yaliyofumbwa. Na pembeni, kushoto, kikaingia kitu chenye kanzu kikawa kinakwenda mbele na kurudi nyuma.

"Ndiwe huyo!" Mwanapili alinong'ona kwa furaha, akimbana mkono.

Ni yeye kweli. Kilikuwa kiwiko chake.

Nje, watu walimzunguka Haroub kama bwana harusi. Yeye akawapenya, akamfikia Jecha, akamkumbatia. "Yakhe, wamekukata vibaya," akasema, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. "Nimemwambia Samiha. Nimemwambia, bila fidla ya Jecha miye n'napiga hewa."

Jecha alijibu kuwa si kitu. Njia nzima ya kurudi Konde alikuwa akikitazama kiwiko chake, na Mwanapili, aliyemjua, hakumuuliza.

Mwaka ule serikali ilikuwa imewagawia walimu vishikwambi, na cha Mwanapili kilikuwa kikishinda kabatini akitoka skuli. Hija, binti yao aliyekuwa chuoni Unguja, alipokuja likizo alimtilia baba yake humo programu ya kuchora picha zinazotembea, achezee tu. Jecha alikuwa ameshachora mpira unaodunda na paka anayekuna sikio. Sasa akakichukua kila siku baada ya laasiri, akajifungia kibandani kwake pamoja na makopo ya rangi, akachora jogoo.

Jogoo alikuwa mrefu, shingo ndefu, amevaa kofia ya viua na kanzu iliyopigwa pasi. Jecha hakufikiri, mkono ulijua wenyewe. Miaka ishirini na zaidi ya kumtazama mtu kwa pembe ya jicho haipotei. Jogoo alinyoosha shingo akisubiri jua lichomoze. Jogoo alitembea kati ya mikarafuu, akaukumbatia mti, majimoto, wale siafu wekundu wa mitini, wakamwingia ndani ya kanzu. Naye kwa kulinda heshima hakujikuna, alitembea tu, na kila siafu aliyeuma alimfanya arushe mguu mmoja, kwa mapigo, kama anayecheza. Mlango wa nakshi ulifunguka polepole, ukafungwa polepole, na mkia wa jogoo ukabaki nje. Sauti nzito Jecha aliitoa mwenyewe, ametia kichwa ndani ya ndoo: "Nyuzi hukumbuka... nyuzi hukumbuka... nyuzi zimesahau."

Kisha jogoo akaketi mbele ya ganuni. Ukumbi ulijaa bata wenye miwani na kanga waliofumba macho kwa kuelewa. Na hapa Jecha alitia jambo alilolipenda kuliko yote. Siku za karibuni Haroub alikuwa na mtindo mpya: kabla ya kugusa nyuzi aliuweka mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia kidogo, ndipo akautoa. Jecha aliona ni maringo, madoido aliyojifunza mbele ya kamera. Basi jogoo wake akanyanyua bawa, na mkono wa Jecha, wenyewe tu, ukazichora ncha za manyoya zikitetemeka. Jogoo akalitazama bawa kwa hasira, akalikalia, akawatazama watu kwa utukufu, akalitoa tena. Likatetemeka. Akalikalia tena.

Sauti ilimtesa. Hakutaka kumhitaji Haroub hata kidogo, akajaribu kuidonoa fidla kwa vidole ili ifanane na ganuni. Ikatoka kama matone ya mvua kwenye sufuria. Mwisho, kwa uchungu, alifungua simu yake, akatafuta mazoezi ya kikundi aliyokuwa amerikodi, akachukua ganuni ya Haroub mwenyewe na kuitia humo. Alipoisikia imekaa juu ya jogoo, moyo ulimchoma. Katuni nzima ilipata uhai.

Mwanapili alipoonyeshwa alicheka mpaka machozi. Kwenye bawa akacheka zaidi. Halafu akairudisha nyuma, akaitazama tena.

"Huyu ni Haroub."

"Huyu ni jogoo."

"Baba Hija, usimpelekee mtu kitu hiki. Nakuomba."

Jecha alimpelekea mtu mmoja tu, Masoud, aliyepiga dumbaki, ile ngoma ya mapajani, katika kikundi chao. Hakutia jina lake popote. Masoud naye hakumpelekea mtu, isipokuwa kundi moja la wasapu la watu wa Wete.

Kufikia Ijumaa jogoo alikuwa kisiwa kizima. Alikuwa Chake, alikuwa Unguja, alikuwa Maskati kwa jamaa waliohamia. Sokoni Konde vijana walikalia mikono yao na kutazamana kwa utukufu. Jecha alipita kati yao na brashi zake, kifua kimejaa. Alifurahi kama hajapata kufurahi. Akasimama penye kibanda cha chai kusikiliza watu wanasema nini.

"Jogoo huyu atatuua," mmoja alisema. "Lakini muziki ule! Umesikia ganuni?"

"Si Haroub yule? Mkono wa Haroub haujifichi. Wallahi hata akiwa jogoo anapiga."

"Tumwalike harusini kwetu."

Jecha aliiacha chai yake hapo juu ya meza. Hata alipomfanya kuku, watu walimpenda.

Haroub hakuja mazoezini wiki ile. Wala ya pili. Jecha alikaa pembeni ya kiti kitupu, na kwa mara ya kwanza fidla yake ikasikika mpaka ukutani. Alikuwa na raha ambayo asingethubutu kumwambia mtu, na kila wimbo ulipokwisha alikitazama kile kiti, akageuza macho upesi. Masoud akaleta habari kuwa duka la dawa limefungwa, na kwamba watoto wa Wete walikuwa wakipita mbele yake wakiwika.

"Nani atakuwa amekitengeneza kitu kile?" Masoud aliuliza, akimtazama usoni.

"Weye unamjua," Jecha akasema.

"Namjua," Masoud akasema. "Nakuuliza kama weye unamjua."

Asubuhi iliyofuata, Jecha akiwa kibandani anachora kibao cha fundi baiskeli, kivuli kirefu kiliingia mlangoni.

"Hodi."

"Karibu."

Haroub aliingia, akatafuta pa kukaa, akaketi juu ya kopo la rangi tupu. Walisalimiana kama ilivyo ada: hali, watu wa nyumbani, kazi, Ole, Konde. Jecha aliendelea kushika brashi ili mikono iwe na kazi. Haroub akatoa simu mfukoni, akaifungua, akaiweka juu ya meza kati yao. Jogoo alikuwa amesimama katikati ya wimbo, bawa limenyanyuliwa.

"Nilijua kuwa ni mkono wako tangu kuwaona wale bata," Haroub alisema. "Hakuna bata wa mtu mwengine anayedharau watu namna hiyo."

Jecha alilirudia kwa brashi gurudumu la baiskeli alilokwisha kulichora.

"Sikuja kugombana. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Hili bawa." Akaigusa skrini. "Uliliona lini?"

"Niliona nini?"

"Yakhe, usinifiche. Raniya ni mke wangu, tunalala nyumba moja, hajaliona. Watoto wangu hawajaliona. Samiha na kamera yake alikaa kwangu na hakuliona. Nimekuwa n'naukalia huu mkono tangu mwaka jana, n'najua nimeuficha. Halafu n'napelekewa jogoo." Akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, kati ya makopo. Ulitulia kidogo, kisha vidole vikaanza kutikisika, polepole, kama vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe. "Nilikwenda hospitali Dar. Ni maradhi ya mishipa ya fahamu. Dawa zipo, zinapunguza mwendo wake. Hazirudishi."

Brashi ya Jecha ilidondosha rangi juu ya kiatu chake.

"Sikujua," akasema. "Wallahi Haroub, sikujua. Nilidhani maringo."

Haroub alimkodolea macho, kisha akacheka. Alicheka kweli, mpaka kopo alilolikalia likalia. "Maringo!" akasema, akijifuta macho. "Laiti ingekuwa maringo."

Nje mtu alikuwa akinadi mihogo.

"Basi kilichokufanya unichore ni nini?" Haroub aliuliza. "Nimekukosea?"

Jecha angeweza kusema ni mzaha tu. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini mkono ule ulikuwa bado juu ya meza.

"Nakuonea wivu," akasema. "Tangu ulipoingia na ganuni yako."

"Wivu?" Haroub alikunja uso kama aliyeambiwa kwa lugha ya mbali. "Wivu wa nini?"

Jecha alifungua kinywa aeleze, akakuta hana pa kuanzia. Kiti cha ganuni? Kile kitambaa? Kiwiko? "Watu huniambia 'na nyinyi pia'," akasema mwisho.

Haroub alisubiri aendelee. Jecha alichovya brashi kwenye rangi. Ilikuwa wazi kuwa mwenzake hakufahamu, na kwamba hatafahamu, na Jecha akamuonea wivu hata kwa hilo.

"Sikiliza," Haroub akasema, akiusogeza mkono wake chini ya paja kwa mazoea. "Wiki mbili hizi sikutoka ndani. Nilikuwa na hasira, usidhani sikuwa nayo. Nilikuwa nakuombea mabaya kila baada ya sala, Mungu anisamehe. Lakini wajukuu zangu wanaicheza katuni yako kutwa. Ile filamu ya Samiha waliitazama mara moja, mdogo akaniuliza, 'Babu, kwani umekufa?' Nikaitazama tena na miye nikaona kweli, kama maiti inayotembea mikarafuuni. Jogoo wako yu hai. Anaumwa na siafu, anaona haya, anapiga." Akavuta pumzi. "Nataka unirikodi. Nyimbo zote za babu, kabla mkono haujakataa kabisa. Miye nipige, weye upige, na weye uchore."

"Nichore jogoo?"

"Jogoo. Na bawa lake usilitengeneze. Liache litetemeke. Lakini kuna jambo. Nimeitazama mara nyingi, nimetafuta. Bata wapo, kanga wapo, hata majimoto wapo. Weye humo."

Jecha alisema hakufikiria. Ikawa ndiyo kweli. Samiha alikuwa amemkata, na yeye mwenyewe, alipopata kalamu mkononi, hakujipa hata kiwiko.

Walianza Ole, asubuhi, kwa sababu asubuhi mkono ulikuwa mtulivu zaidi. Jecha aliendesha baiskeli kutoka Konde, fidla mgongoni. Raniya, ambaye sasa alikuwa ameambiwa, aliwaletea chai na mkate wa kumimina, akakaa mlangoni anasikiliza huku akichambua mchele uliokwisha kuwa safi. Hakukuwa na watu wa kusifu wala wa kusahau kusifu. Zilikuwa fidla na ganuni tu, na Jecha alishangaa namna alivyokuwa akiegemea miaka yote juu ya ile ganuni bila kujua, kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake.

Siku moja, katikati ya wimbo mgumu kuliko yote, vidole vya Haroub vilikataa. Palikuwa na sehemu ambapo ganuni inapaswa kushuka peke yake, haraka, kama maji yanayoshuka ngazini, na ilisikika sauti mbili tatu zilizojikwaa, halafu patupu.

Ndani ya Jecha kitu kilifurahi.

Kilikuja kabla hajakiita, kikali na kitamu, na kilimtisha. Hakuinua macho. Aliinamia fidla, akaishika ile sehemu ya ganuni palepale ilipoanguka, akaishusha yeye ngazi kwa ngazi, akamfikisha mwenzake chini mahali ambapo mkono ungeweza kuingia tena. Mkono ukaingia. Wakamaliza wimbo pamoja. Mtu akiisikiliza rikodi ile leo atadhani ndivyo ulivyotungwa.

Haroub aliurudisha mkono chini ya paja. Kisha akasema, "Pale pameimba vizuri kuliko nilivyowahi kupaimba miye. Tupaache hivyohivyo."

Alisema hivi hivi tu, bila kinyongo, bila kumeza mate, na Jecha akaona kuwa hata aishi miaka mia hatoweza kusema neno kama lile kwa urahisi kama ule. Akafungua simu aangalie rikodi ili asionekane uso.

Katika katuni ya pili palikuwa na komba. Alikaa kushoto kwa jogoo, mdogo, macho makubwa kama visahani, na fidla begani. Jecha alijaribu kuyafanya macho yale yatazame mbele, kwa watu. Hayakukubali. Basi akayaacha yafanye yalivyotaka: wimbo mzima yalikuwa yakimtazama jogoo kwa pembe, yakirudi mbele haraka kila jogoo alipogeuka, na yakirudi tena kwa jogoo. Jogoo akisifiwa, mkia wa komba ulijikunja. Bawa likishindwa, macho ya komba yalimeremeta, kisha yakaona haya, na uta wake ukakimbilia kusaidia. Mwanapili alipoitazama hakucheka mara moja. Alimtazama mumewe, akatazama tena katuni, ndipo akacheka, akamfinya shavu kama mtoto.

Safari hii Jecha alitia majina mawili. Watu walimpenda komba. Samiha alipiga simu kutoka Unguja, akamsifu, akauliza kama ile hadithi ya mbweha na nzi angeweza kumsimulia tena mbele ya kamera, kwani amekuwa akiifikiria. Jecha alisema atatazama nafasi. Hakuitazama.

Mwaka uliofuata Haroub aliacha kupiga hadharani. Kikundi kilimpata mpigaji mpya, Nusaiba, binti wa Chake aliyesomea ganuni Unguja. Alikuja mazoezini amevaa baibui lililonyooka na tabasamu la mtu asiye na shaka, akaketi kwenye kile kiti. Alisawazisha nyuzi zake upesi. Alipopiga, Masoud alisahau dumbaki yake mapajani.

"Mashallah!" walisema wote. "Mashallah! Huyu anampita hata Haroub."

Maneno hayo yalimuuma Jecha. Aliujua ule uchungu, alikuwa ameishi nao ujana wake wote, lakini sasa ulikuja umegeukia upande mwengine na hakuwa tayari nao. Akamtazama yule binti kwa pembe ya jicho. Kiti kilikuwa cha Haroub. Ngazi ile ya maji, aliyoishuka bila kujikwaa, ilikuwa ya Haroub. Wimbo uliofuata Jecha aliupiga kwa nguvu kupita kiasi, mpaka Masoud akamfanyia ishara apunguze.

Kutoka hapo hakurudi Konde. Alikwenda Ole. Haroub alikuwa barazani, shali mabegani, anajaribu kufunga kifungo cha shingoni mwa kanzu. Jecha akamfungia, kama jambo la kawaida, akaketi.

"Vipi binti mpya?" Haroub aliuliza. "Wananiambia anapiga sana."

"Anapiga," Jecha akasema, akitazama mikarafuu. "Ila anaharakisha."

Nusaiba hakuharakisha hata kidogo. Alikuwa na mapigo yaliyotulia kuliko yeyote aliyewahi kukaa kiti kile, na Haroub, aliyekwisha kupelekewa rikodi na nusu ya Wete, alilijua hilo vizuri sana.

"Ah," Haroub akasema. "Anaharakisha."

"Sana," Jecha akasema.

Raniya akatoka na chai.